Uvimbe Usiolia katika Nchi ya Shwari

Mwenye mtoto na asogee karibu. Asiye na mtoto naye akae, maana shingo anayo.

Iko nchi inaitwa Shwari. Njia ya kufika huko haina haja ya kuelezwa, kwa sababu watu wengi hufika bila kuuliza: mtu analala kwake, anaamka yuko kule. Mwanaidi yeye alikwenda kwa kukusudia. Alikuwa anamfuata binti yake.

Binti huyo, Hidaya, ndiye mtoto pekee aliyejaliwa. Tangu mdogo hakupenda makelele. Redio ya jirani ilimkera, mashine ya kusaga ilimkera, na mama yake mwenyewe, ambaye mdomo wake haukai, alimkera kuliko vyote. Aliposikia kwamba Shwari wanatafuta washonaji wa vitambaa, alifunga begi lake, akambusu mama mkono, akasema atarudi sikukuu. Sikukuu ikaja, ikapita. Ikaja nyingine. Salamu zilifika, na kila mara zilikuwa fupi kuliko zilizotangulia: niko salama, kuko kimya, usijali.

Wengine humkosa mtu kwa sauti, wengine kwa sura. Mwanaidi alimkosa mwanawe kwa kisogo. Miaka yote ya utoto, Hidaya alikaa chini kati ya magoti ya mama yake akisukwa, kichwa kimeinama, shingo iko wazi inanukia mafuta ya nazi, na mama anaongea, anasuka, anaongea. Sasa kila jioni Mwanaidi alikaa barazani na mikono yake haina kazi. Akichukua kitana, anakirudisha. Siku moja akasema, basi, hii haivumiliki, akaenda.

Nchi yenyewe ni nzuri, haki ya Mungu mtu asidanganye. Njia zimefagiwa. Milango imeshonewa vitambaa pembeni isigonge. Majogoo hakuna, walishauzwa nchi za jirani zamani sana. Mtu akipiga chafya anakwenda kuomba radhi kwa majirani. Watu wanaongea kwa sauti ya mtu aliyeko msibani, lakini nyuso zao zinatabasamu, na kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, amezungusha mtandio shingoni mpaka chini ya kidevu.

Sheria kuu za Shwari ni mbili tu, na zimechongwa kwenye lango. Ya kwanza inasema: Kisicholia hakipo. Ya pili inasema: Shingo ni mali ya Baraza, kwa sababu ndimo sauti inamopita. Kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kugusa shingo ya mwenzake, hata mume ya mkewe, hata mama ya mwanawe. Wanaogusa ni watumishi maalumu waitwao Wasikizi, na wao hugusa siku moja kwa juma, mbele ya watu wote.

Mwanaidi alizisoma sheria hizo, lakini alizisoma kama mtu asomavyo tangazo la minada: macho yamepita, moyo uko mbele. Alipomwona Hidaya mlangoni kwake alimrukia kwa mikono miwili. Binti akarudi nyuma hatua moja, akamnyooshea mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo hivyo tu? Sikumbatiwi?"

"Huku hatukumbatiani, mama. Shingo zinagusana."

Mwanaidi akaushika ule mkono. Ulikuwa mwepesi kama wa mtoto, na mfupa wa kifundo umetokeza.

"Umekonda, Hidaya."

"Huku hatusemi kukonda. Tunasema kupungua kelele." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Ni sifa, mama. Wenzangu wananionea wivu."

Asubuhi Mwanaidi aliona shuka limeanikwa uani, limelowa kama limetolewa mtoni. Akadhani binti anafua mapema. Kesho yake likaanikwa tena, na nyua za jirani nazo zina mashuka yale yale. Akauliza. Hidaya akamwambia hilo linaitwa umande wa ndani: mwili uliotulia hutoa umande usiku, mtu anaamka kalowa, anabadilisha shuka, maisha yanaendelea. Na ile homa ya jioni, inayompanda kidogo kisha ikashuka, inaitwa jua la pili. Na huko kuchoka kwake, hata sindano ya kushonea ikawa nzito mkononi, kunaitwa kutulizana. Washwari wana jina zuri kwa kila jambo. Ukikaa nao unaona kwamba hakuna linaloweza kukupata ambalo halikuandaliwa jina zuri.

Siku ya Kusikizwa ilipofika walikwenda uwanjani. Msikizi Mkuu, Bwana Taratibu, alikuwa mtu mnene mwenye vidole laini, na kazi yake aliipenda. Watu walipanga foleni, mmoja mmoja anafungua mtandio, yeye anaminya shingo chini ya taya, kushoto na kulia, halafu anasubiri.

Mtu wa kwanza alikuwa na jino bovu, shavu limejaa. Alipominywa akapiga yowe: "Yalaaa! Mheshimiwa, niachie!"

"Inalia!" akatangaza Bwana Taratibu.

Hapo nchi nzima ilisimama. Machela ikaja mbio, waganga wakaja, dawa za maji zikaja kwa ndoo, akina mama wakaleta uji wa siagi. Yule bwana akabebwa kama bwana harusi. Jino likang'olewa, na baada ya siku chache uvimbe wa shingo ukashuka wenyewe, kama ambavyo ungeshuka hata bila machela. Akafuata mtoto wa shule mwenye mafindofindo. Naye akalia, naye akabebwa, koo likatibiwa, akapona. Akaja msichana mwenye vidonda vya kichwani, tezi zimejaa nyuma ya masikio. Hali hiyo hiyo. Wote walipona, na kwa kila aliyepona Baraza liliandika ushindi.

Kisha ikafika zamu ya Hidaya.

Alipoufungua mtandio, na kitambaa cheupe kilichokuwa chini yake, Mwanaidi aliona kwa mara ya kwanza. Upande wa kushoto wa shingo, ile shingo aliyoikosa miaka yote, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau. Chini yake, pale juu ya mfupa wa mtulinga, vingine viwili vidogo vimekaa kama shanga zilizozama kwenye nyama. Bwana Taratibu akauminya ule mkubwa. Akausukuma huku na huku, haukwenda popote, umeshika kama fundo la mti. Akaminya kwa nguvu zaidi mpaka Mwanaidi akahisi maumivu kwenye shingo yake mwenyewe.

Hidaya hakusema kitu. Alikuwa anatazama mbele, ametulia tuli.

"Mstaarabu!" akasema Bwana Taratibu, na uwanja wote ukaitikia kwa kutikisa vichwa. "Mgeni mstaarabu shingoni mwake, amekaa miezi, anakua bila kumsumbua mtu. Mvikeni kitambaa cha pili."

Wakamfunga kitambaa cheupe juu ya kile alichokuwa nacho. Mwanaidi akageuka kutazama watu, ndipo akaviona vitambaa vyeupe vilivyo chini ya mitandio. Vilikuwa vingi. Hicho ndicho mwanawe alichokuwa akishona siku zote hizo.

Hakungoja kufika nyumbani.

"Umekaa muda gani, huo?"

"Mama, shusha sauti."

"Nimekuuliza."

"Tangu kabla ya mvua. Mama, hauumi."

"Ndiyo maana naogopa!"

"Ungekuwa unauma ungeogopa, hauumi unaogopa. Wewe ni wa kuogopa tu." Hidaya alikaza mwendo, akawa anahema. "Nilipokuwa mdogo nilivimba shingo kila msimu wa baridi, ukalia wewe kuliko mimi. Sikufa."

"Hukufa kwa sababu nilikupeleka. Na daktari wa zahanati alinieleza, wewe uko mgongoni umelala. Alisema hizi tezi za shingoni kazi yake ni kupambana na ugonjwa ukiingia. Koo likiugua zinavimba, zinauma, ukizigusa zinateleza chini ya kidole, na koo likipona wiki mbili tatu zinarudi. Hiyo usikeshe, alisema. Lakini ukiona moja imekaa mpaka wiki hizo zimepita, haishuki, inakua, ni ngumu, haichezi, au imetokea juu ya mtulinga, au mtu anakonda na kutoka jasho la usiku, hapo usingoje iume. Niletee. Nakumbuka kama jana."

"Umande wa ndani," Hidaya akasahihisha, lakini kwa sauti ndogo.

"Jasho, Hidaya. Jasho!"

Karibu na mlango binti alisimama, akashika ukingo wa mtandio wake.

"Nikienda hospitali, mama, wakiniambia ni ugonjwa, utakuwa ni ugonjwa. Sasa hivi bado ni mgeni."

Mwanaidi alitaka kumkumbatia. Mikono ilinyanyuka yenyewe, akairudisha chini kwa sababu kulikuwa na watu dirishani.

Mtu mwenye kitambaa cheupe hatoki Shwari bila idhini. Kwa hiyo Mwanaidi alikwenda mbele ya Baraza, akiwa na doti yake moja nzuri ya kanga na elimu yake ya darasa la saba. Wajumbe walikaa kwenye mito, kiti kisije kikalia. Bwana Taratibu alikuwa katikati.

"Mama mgeni, karibu. Tumeambiwa una malalamiko."

"Sina malalamiko, mheshimiwa. Nina mtoto. Nataka nimpeleke hospitali."

"Anaumwa?"

"Ana uvimbe shingoni."

"Unauma?"

"Hapana."

Wajumbe wakatazamana kwa huruma, kama watu wanavyomtazama aliyechanganyikiwa.

"Mama," akasema mmoja, mzee wa kutabasamu, "katika nchi hii wagonjwa wote wanapona. Wote! Taja nchi nyingine yenye sifa hiyo."

"Na wenye vitambaa vyeupe nao wanapona?"

"Hao si wagonjwa."

"Wako wapi wale waliovikwa mwaka juzi?"

"Wamenyamaza kabisa," akasema yule mzee, na wenzake wakainamisha vichwa kwa heshima.

Mwanaidi akashika nguzo.

Mjumbe mmoja kijana, mwanamke aitwaye Bi Staha, akainua kidole. Akasema labda, kwa kuwaridhisha tu wageni, uvimbe mmoja ungechomwa sindano nyembamba ili kujua una nini ndani. Baraza likachafuka, kwa kadiri baraza la Shwari linavyoweza kuchafuka: watu wakawa wanapumua kwa nguvu.

"Sindano inaamsha!" akasema mmoja. "Babu yangu alichomwa, akafa."

"Alichomwa lini?" Bi Staha akauliza.

"Alipokuwa hawezi tena kumeza mate."

"Basi huenda si sindano iliyomuua. Huenda ni kuchelewa."

"Kaa chini, Bi Staha."

Mwingine akashauri mtoto apakwe majivu na akandwe kwa maji ya moto. Mwingine akasema apewe dawa za maji za yule mwenye jino, nusu chupa, kwa sababu zilimfaa yule. Wakajadili majivu ya mti gani mpaka jua likahama ukutani. Mwisho Bwana Taratibu akatoa hukumu, na ilikuwa hukumu ya upole kama hukumu zao zote. Sheria ya lango inaruhusu kumtoa nchini mtu ambaye shingo yake imelia na waganga wa ndani wameshindwa. Shingo ya Hidaya haijalia. Mama mgeni yeye, kwa kuwa sauti yake imezidi, aondoke leo.

Hidaya alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Mwanaidi akamgeukia.

"Lia, mwanangu. Useme 'aa' tu. Hata ya uongo. Watafungua."

Hidaya akatikisa kichwa. "Siwezi kudanganya mbele ya watu, mama. Wamenipa heshima."

"Heshima ya kitambaa?"

"Mama, nenda salama."

Wakamtoa. Wasikizi wawili walimsindikiza mpaka langoni, na Hidaya alifuata kwa mbali, umbali ule unaoruhusiwa. Barabara ilikuwa imefagiwa mpaka inang'aa. Watu walitoka milangoni kuaga kwa kupunga mikono polepole. Mwanaidi alitembea akijua kwamba kila hatua inamwacha, na kwamba mara nyingine akija ataambiwa Hidaya amenyamaza kabisa, na watu watainamisha vichwa. Alikuwa na maneno mengi, mwanamke yule, maisha yake yote hakuwahi kuyakosa. Sasa hakuna hata moja lililokuja.

Mlinzi alipofungua lango ili apite yeye peke yake, aligeuka. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliwapita Wasikizi kama mtu aliyesahau kitu nyumba ya jirani, akamfikia mwanawe, akautoa ule mtandio, akavitoa vitambaa vyote viwili, vikaanguka barabarani. Akaweka viganja vyake vyote kwenye ile shingo. Kimoja upande usiovimba. Kimoja juu ya uvimbe, taratibu, bila kuuminya, kama mtu anavyoshika yai lenye joto. Shingo ilikuwa inachemka. Mshipa ulikuwa unapiga palepale ulipokuwa ukipiga siku zote.

"Uko hapa," akasema. "Nimeuona. Siuiti mgeni."

Hidaya akaishika ile mikono. Miezi yote ile hakuna aliyeugusa ule uvimbe kwa kutaka kujua. Waliugusa kwa kutaka asilie.

"Mama," akasema, halafu akapaza sauti, sauti ambayo Shwari haikuwahi kuisikia tangu majogoo wauzwe. "Mama, naogopa! Naogopa, mama!"

Madirisha yakafunguka. Mtoto mchanga mahali fulani akaamka, akalia naye. Mwanamke mmoja kando ya njia akashika kitambaa chake mwenyewe shingoni, akawa anakitazama.

Wasikizi walitazamana, hawajui la kufanya. Bwana Taratibu alikuja anatweta, mtandio umemlegea.

"Shingo imelia," akasema yule mlinzi wa lango, kwa sababu ndivyo sheria ya lango inavyosema na yeye aliisoma kila siku.

"Hakuminywa!" akasema Bwana Taratibu.

"Sheria haisemi aminywe, mheshimiwa. Inasema imelia. Mimi nimeisikia."

Machela ikaja mbio, kama kawaida. Waganga wakaja na ndoo za dawa. Wakamzunguka Hidaya, wakamuuliza panauma wapi, akawaambia hapaumi popote, ndio maana analia. Hilo hawakuwa na dawa yake. Wakarudisha ndoo chini. Bwana Taratibu akasimama muda mrefu akitazama vile vitambaa viwili vilivyoanguka kwenye barabara safi, kisha akaona afadhali kelele ile iwe nje kuliko ndani, akafanya ishara kwa mkono. Lango likafunguliwa mabawa yote.

Hospitali ya kwao ilikuwa na benchi refu la kungojea. Hidaya alikaa ubavuni kwa mama yake, shingo wazi, akiona aibu, lakini baadaye akatazama waliokaa naye. Mzee mmoja alikuwa amesimamisha kola ya shati mpaka masikioni. Dada mmoja amejitanda ushungi upande mmoja zaidi ya mwingine. Kijana amevaa skafu ya timu yake, na jua lile. Akamnong'oneza mama: "Hawa nao wametoka kule?" Mwanaidi akasema hajui, lakini nguo anazifahamu.

Daktari aliuliza uvimbe ulianza lini. Alimpapasa Hidaya shingo yote, makwapa, tumbo, akauliza kuhusu kikohozi, homa, jasho, kupungua uzito, na Hidaya akajibu kila swali kwa jina lake halisi.

"Mbona hamkuja mapema?"

"Ulikuwa hauumi."

Daktari akatikisa kichwa, akaelekeza kalamu mlangoni, kule kwenye benchi. "Wote wale wataniambia hivyo hivyo."

Akasema hatakisia. Akachoma sindano nyembamba, akavuta majimaji, akapima na damu. Akaeleza kwamba huenda ni saratani, na huenda ni ugonjwa mwingine wenye dawa, na kwa macho hawezi kutofautisha, wala yeyote asiwaambie kwamba anaweza. Siku za kungoja majibu Mwanaidi hakuongea sana. Majirani wakadhani anaumwa yeye.

Majibu yalikuwa kifua kikuu cha tezi. Hidaya akashangaa kwamba kifua kikuu kinaweza kukaa shingoni bila kikohozi hata kimoja. Kinaweza, wakamwambia, na kinatibika, ila vidonge ni vya miezi, kila siku, hata ukishajisikia mzima. Siyo wote waliokuwa kwenye benchi lile waliopata jibu jepesi kama hilo. Yule kijana wa skafu alipelekwa hospitali kubwa.

Vidonge vile ni vikubwa na vinachafua tumbo. Shuka limeacha kulowa. Uvimbe unapungua, polepole mno, kuna juma unaonekana haujasogea kabisa, na Hidaya huugusa akiwa anaongea bila kujijua. Kijijini kwao mashine ya kusaga bado inanguruma na redio ya jirani haijaharibika.

Asubuhi moja alikaa na vidonge kiganjani na kikombe cha maji, hanywi, anatazama njia.

"Mama," akasema, "kule kulikuwa kimya. Nilikuwa naamka sina la kuwaza. Nisikudanganye, napakumbuka."

Mwanaidi alikuwa anapepeta mchele. Akaacha. Alifikiria zile barabara zilizofagiwa, yale majina mazuri, na zile siku za kungoja majibu, jinsi ambavyo angetoa chochote asiyajue.

"Hata mimi napatamani, mwanangu," akasema. "Meza dawa."